Maneno Niliyomwandikia Mheshimiwa

Kabla hajawa Mheshimiwa alikuwa mpangaji wetu. Alikuja Mji wa Kale akiwa karani bandarini, mtu wa bara, kutoka nyika kavu ambako gari la abiria lilifika siku ya soko peke yake. Mamangu alimpa chumba cha orofani. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, na mwezi wa Ramadhani, yeye Mkristo, hakula mchana mbele yetu hata mara moja. "Yuwajua adabu huyu," mamangu akasema, na tangu hapo sahani yake ikawa yapakuliwa pamoja na zetu.

Akaacha kazi, akaenda kwao kugombea udiwani. Akashindwa vibaya. Aliporudi aliketi jikoni kwetu akanisomea hotuba aliyokuwa akiitoa huko. Mimi nilikuwa nikifundisha Kiswahili katika shule ya sekondari. Nilishindwa kujizuia, nikacheka.

"Hii ni barua ya ofisi," nikamwambia. "Watu wa kwenu wataka nini hasa?"

"Maji, dada. Wanawake wanatoka alfajiri, wanarudi jua la utosi. Wanachota bwawa moja na ng'ombe."

Nikamwandikia. Ilinichukua alasiri tatu, na ndani yake nilitia sentensi moja niliyoipenda mno: mama zetu huzeeka migongo kabla ya nyuso. Bwawa lenyewe sikuwahi kuliona. Kwao sijafika mpaka leo.

Uchaguzi uliofuata akashinda udiwani. Baada ya muhula mmoja akashinda na ubunge, kwa hotuba ile ile iliyorefushwa kidogo. Salamu zake za Idi zilitufikia miaka miwili, kisha zikakatika. Jioni moja nilikutana naye bustani ya Mama Ngina, kando ya bahari, mimi nanunua mihogo ya kukaanga, yeye anatembea na watu wake. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akawaambia, "Huyu ndiye aliyenipangisha chumba wakati sina mbele wala nyuma." Basi. Mwenye nyumba. Nilirudi nimeuma midomo. Lakini nakiri kwamba hata baada ya hapo, kila aliposikika redioni akiitoa sentensi yangu, nilikuwa nikiongeza sauti.

Uchaguzi wa kutetea kiti chake ulipokaribia, mamangu alianguka akavunjika nyonga, nikawa nashinda naye wodini. Kitanda cha pili alilazwa mwanamke aliyeletwa kutoka bara. Hakuweza kuketi bila kushikwa, na mara nyingi aliyemshika ni mimi. Siku moja, namnywesha uji, nikamuuliza anaumwa nini.

"Ni mgongo. Ni maji," akasema, kisha akatabasamu. "Mheshimiwa wetu alisema mama zetu huzeeka migongo kabla ya nyuso. Si uongo. Nitazame uso."

Nikamtazama. Hakuwa amefika hata umri wangu.

"Kwani hakuwaletea bomba?"

"Lilikuja. Siku ya kufunguliwa lilitoa maji, tukapiga vigelegele. Kumbe kulikuwa na lori la maji limefichwa nyuma ya zahanati, limeungwa mpira hadi kwenye bomba. Wageni walipoondoka, na lori likaondoka."

"Na bado mtamchagua?"

Alinishangaa. "Tumchague nani, mama? Wale wengine hata kuusema uchungu wetu hawajui."

Nikamnywesha uji uliobaki. Sikumwambia ni nani aliyeyaandika maneno yale.

Wiki iliyofuata Mheshimiwa alikuja nyumbani mwenyewe. Aliuliza hali ya mamangu, kisha akafika kwenye haja yake. "Dada, ile ya mama zetu imechakaa. Nitengenezee nyingine."

Nikamweleza habari za yule mwanamke, mgongo wake, na lori nyuma ya zahanati. Alinisikiliza hadi mwisho, ameinamisha kichwa, nikadhani ameona haya. Kisha akainua uso.

"Yuko wodi gani? Nikipigwa picha naye kitandani, hata hotuba haitahitajika."

Nikasimama nikamfungulia mlango. "Toka," nikamwambia. Alivaa viatu vyake taratibu, akaniaga kwa adabu zile zile.

Picha hakuipata, kwa kuwa nilimwomba muuguzi amhamishe yule mama wodi ya ndani. Hotuba mpya pia hakuipata. Alitumia ile iliyochakaa, akashinda kwa kura nyingi kuliko mara ya kwanza, na sasa wanasema anatazama kiti cha ugavana.

Yule mama aliruhusiwa siku chache kabla ya kura. Aliondoka amefungwa mshipi wa mgongo, na daktari amemkataza kubeba kitu chochote kizito. Aliniachia namba yake ya simu ili nimjulie hali. Sijampigia. Nachelea atanisimulia jinsi alivyobebwa na jirani zake hadi kituoni kumpigia kura.