Mistari Myekundu ya Mwalimu

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa mpiga taipu katika ofisi ya parokia mjini Kisii. Siku moja padri aliniletea madaftari manne ndani ya mfuko wa sukari. Yalikuwa ya mwalimu mstaafu wa Magwagwa, aliyekuwa ameandika habari za utoto wake. Kila ukurasa ulikuwa na maneno aliyoyapigia mstari kwa penseli nyekundu. Nikayapiga taipu yote, na palipokuwa na mstari wake nikapiga wangu. Sikujiuliza kwa nini.

Kurasa za majaribio ziliporudi kutoka kwa mchapaji, kila penye mstari palikuwa na herufi nene nyeusi, kama siafu waliotawanyika barazani. Barua yake ilikuwa fupi: "Tunazo herufi nene na za mlazo, na nyimbo tunaweza kuzitenga. Lakini mstari hautuambii kipi ni kipi."

Padri akanituma Magwagwa. Nilimkuta Mwalimu ameketi kibarazani, macho yote mawili yamefunikwa na mtoto wa jicho. Ukungu ulikuwa umeshuka juu ya majani chai mpaka mlangoni, na mkewe alikuwa akipukuchua maharagwe. Tulisalimiana kwa Kikisii; tulipofika kwenye kitabu, Mwalimu akageukia Kiswahili, kama aliyesimama mbele ya darasa.

"Hapa umepigia mstari omotembe," nikasoma.

"Huo ni mti. Andika pembeni: mti."

"Na hapa, 'Njooni ndani, mvua imevuka mlima'?"

"Mama anaimba. Andika: wimbo."

"Lakini Mwalimu, mchapaji anataka kujua liwe nene au la mlazo."

Akacheka. "Mimi sioni nene wala mlazo. Wewe mwambie ni kitu gani. Sura atachagua mwenyewe."

Siku tatu tulikwenda hivyo. Mimi nasoma, yeye anajibu: mti, wimbo, mboga, jina la ng'ombe. Mvua ya alasiri ilipiga mabati, sauti yake ikawa mbali, nami nikawa kama ninayemfuata mtoto mdogo kwenye njia ya mgombani nisiyowahi kuipita. Mara nyingine nilisahau kuandika, na yeye alingoja tu, uso ameuinua kuelekea mvua.

Siku ya tatu nikasoma: "Mlango ulikuwa wazi."

"Soma tena."

Nikasoma.

"Siku hiyo nilitoka shule nikakuta mama amefariki," akasema. "Huo si wimbo wala mti. Mkono tu haukutaka kuondoka hapo."

"Basi niandike nini?"

Mkewe ndiye aliyejibu, bila kuinua macho kutoka kwenye maharagwe. "Andika kwamba ni yake."

Nikaandika: yake.

Kitabu kilipotoka nilikipeleka mwenyewe. Nyimbo zilikuwa zimetengwa, miti imelala kwa mlazo. Maneno yale matatu mchapaji aliyaweka yenyewe tu katikati ya ukurasa, kwa herufi za kawaida. Herufi za risasi za mtambo wa kuchapia zilikuwa zimeuma karatasi, kwa hiyo nikamshika Mwalimu kidole nikakipitisha juu yake.

"Pembeni pana nini?" akauliza.

"Hakuna kitu, Mwalimu. Karatasi tupu."

Akaitikia kwa kichwa, kidole kikabaki pale mpaka chai ikapoa.

Kabla ya muongo ule kwisha, mchapaji mwingine alikichapa upya kwa umbo dogo la kubebwa shuleni. Hakuwa na herufi za mlazo hata kidogo. Nilimpelekea nakala ile ile yenye maneno yangu pembeni. Miti akaipa herufi nene, nyimbo akazizungushia kimstari chembamba, na hakuna kilichochanganyika na kingine. Hakuniandikia kuniuliza neno hata moja. Nilishukuru, maana Mwalimu hakuwepo tena wa kuulizwa.