Mahari kwa Sentensi Moja

Waliokuwepo sebuleni siku ile ya posa ni hawa. Mimi. Shangazi yetu, aliyekuja kutoka Ngara na kreti zima la soda kana kwamba kwetu Runazi hakuna maduka. Jirani yetu, mzee aliyekuwa rafiki wa baba. Na wageni watatu kutoka Nemba, yaani mshenga, baba mdogo wa kijana na mama mmoja wa ukoo wao. Jikoni alikuwepo dada yangu anayenifuata, ambaye ndiye aliyekuwa akiposwa, na mdogo wetu wa mwisho, wa kike, akimsaidia kupika. Kijana mwenyewe hakuja.

Mwenye nyumba nilikuwa mimi. Wazazi wetu walifariki nikiwa darasa la sita, nikaacha shule nikashika jembe, na tangu hapo kila jambo la nyumba hii limepita mikononi mwangu: ada, magonjwa, mipaka ya shamba. Kuozesha ndiyo sikuwahi. Niliogopa wageni wataona nyumba haina baba, na dada yangu ataingia kwao kama mtu aliyeokotwa. Tena sisi ni Wasubi, wao Wasukuma, kwa hiyo ingebidi tukutane kwenye Kiswahili. Kwa Kisubi ningejua pa kuanzia, maana nimewasikia wazee tangu utoto. Kiswahili changu ni cha darasani, sokoni na ofisi ya kijiji. Kuuza mahindi kwa Kiswahili naweza. Kumtoa dada yangu kwa Kiswahili, hapana.

Ndipo, wiki chache kabla, nikaazima riwaya. Alikuwa nayo dada mwenyewe, kaipata Biharamulo mjini alikokuwa akijifunza cherehani. Riwaya mpya ya mapenzi. Nikajiambia: hawa wawili wa kwenye jalada lazima wataoana, wakioana, lazima wazee watakaa, na wakikaa, watazungumza Kiswahili safi. Nitayachukua maneno yao.

Nikaisoma polepole, jioni baada ya shamba. Mdogo wetu akaniona.

"Kaka anasoma mapenzi!" akatangaza uwanjani. "Soma kwa sauti basi, nasi tupendwe!"

Sikujali. Msichana wa kitabuni alifanya kazi benki Dar es Salaam. Kijana alikuwa na malori. Waligombana kwa ajili ya ujumbe wa simu ambao wangeumaliza kwa kupigiana tu. Yote hayo niliyavumilia kwa sababu ya baba wa msichana. Mwandishi alimpamba kweli: mwanajeshi mstaafu, hacheki, amewahi kumfukuza mchumba wa kwanza kwa sababu hakuvua kofia. Nikasema huyu ndiye mwalimu wangu. Siku mwenye malori akifika kwake, nitayasikia maneno.

Hakufika. Sura ya mwisho ilianza hivi: baada ya wazee wa pande zote mbili kukubaliana, siku ya harusi ikawadia. Kisha gauni, keki, maua. Nikatazama kama kurasa zimegandana. Nikafuatilia namba zake. Zilikuwa zimefuatana vizuri.

Nikampelekea dada kitabu chake jikoni.

"Hiki kimekatwa."

"Hakijakatwa, kaka."

"Baba yake alisema nini?"

"Alikubali."

"Alikubali vipi? Mtu aliyemfukuza mwenzake kwa kofia!"

Akacheka mpaka akaweka mwiko chini. "Ulidhani ni kijitabu cha bwana shamba? Chimba shimo, mbegu mbili, mbolea? Watu wanasoma wapate raha. Nani anataka kusoma wazee wakibishania ng'ombe?"

"Mimi."

Na bado nasema hivyo. Mabusu hayakuniudhi, wala malori. Kilichoniudhi ni kwamba mwandishi alikuwa na baba mzuri kiasi kile, akamwacha nje ya mlango siku yenye kazi. Kupendana wale wawili waliweza wenyewe. Wenye shida ni wale wengine, watu ambao hawajapendana bado, wanatazamana sebuleni na hakuna ajuaye nani aanze.

Basi siku ya wageni niliketi sina hata neno moja la kuazima. Mshenga akaanza, kwa sauti ya mnadani, akimgeukia jirani yetu.

"Shikamoo, mzee. Tumefika nyumbani kwako..."

"Marahaba. Ila umekosea kiti," jirani akamkata. "Mimi nimeletwa na harufu ya kuku. Mwenye nyumba yule pale."

Wote wakanigeukia. Nikafungua mdomo, ikatoka pumzi tu.

"Mwenye nyumba anasema karibuni," jirani akasema, ametulia kabisa. "Anauliza ni jambo gani limewatoa Nemba na mvua hii."

Mshenga akajibu, sasa akinitazama mimi. Nikakwama tena.

"Mwenye nyumba amesikia. Anauliza kijana anakunywa? Na kama anakunywa, anakunywa mpaka wapi?"

Shangazi akaguna kwa kuridhika. Kila mara jirani alisubiri kwanza, akinipa nafasi, na kila mara maneno yake yalikuwa ya kawaida tu, maneno ambayo hata mimi ninayo. Hilo ndilo lililonifungua. Baba mdogo wa kijana alipouliza nyumba hii inataka nini, nilijibu mwenyewe.

"Wakigombana, msimpakie kwenye bodaboda na mabegi yake. Nipigieni. Nitakuja Nemba nimsikilize yeye, nimsikilize na mumewe, kabla hajatoka mtu."

Yule mama wa kwao akamtazama baba mdogo wa kijana.

"Hilo tumelipokea, baba," baba mdogo akasema. Umri wake ni wa kunizaa.

"Na ng'ombe?" shangazi akauliza. "Au leo tunagawa ushauri tu?"

Hapo kelele zikaanza, na aliyezimaliza ni shangazi, kwa faida yetu.

Wageni walipoondoka nilimfuata jirani kwake na sahani ya nyama iliyofunikwa. Akaisukuma pembeni.

"Usinilipe kwa kuku. Binti yangu yuko darasa la nne. Siku wakija kwangu nitakuwa na donge hapa," akagusa koo lake. "Wewe utakaa kando yangu useme, mwenye nyumba anasema."

Binti huyo sasa yuko kidato cha tatu, na ameshatangaza kwamba atasomea uuguzi kwanza, wachumba wasubiri. Baba yake tukikutana njiani hunikumbusha, nami humjibu kwamba sijasahau, bado ananidai.