Beseni Langu Pale Nimule

Nimeshajicheka mwenyewe, kwa hiyo nanyi chekeni. Wakati wa vita nilikimbilia Uganda kwa miguu, na tangu nirudi, watu wa mtaa wetu wa Gudele sijaacha kuwatambia. Kikundi chetu cha hija kilipoanza safari ya kutembea mpaka Namugongo, kulekule Uganda, nikajipa kazi ya kubeba msalaba, nikatangulia, nikiwaita vijana wetu Lado na Wani vifaranga.

Siku ya nne goti likakataa. Wale wanafiki wawili wakaninong'oneza, "Mzee, panda lori, utungoje karibu na Nimule pale mpakani, basi, kalas! Nani atajua?"

Mjinga mimi nikapanda, nikakaa mbele na dereva kama waziri. Jioni walipofika nikatoka kichakani, nikauchukua tena msalaba, nikaingia Nimule nikichechemea kwa madaha.

Kumbe pale akina mama wa parokia huwaosha mahujaji miguu. Beseni la Wani likajaa tope jekundu. La Lado vilevile. Mama aliyeniosha mimi akasugua, akasugua, akayatazama maji, kisha akaita wenzake.

"Njooni muone! Huyu baba wa msalaba, maji yake tunaweza kupikia chai!"

Wa kwanza kucheka alikuwa Lado, mshenzi yule.