Geji za Pijo ya Ezra

Pijo ya Ezra ililetwa Tarime ikivutwa na lori la mchanga, Teresia mwenyewe kashika usukani. Fundi Yassini aliacha betri aliyokuwa akiipima, akasogea. Gari hiyo aliijua. Pikapu ya 404, kongwe kuliko mwanamke aliyekuwa akishuka, ndiyo iliyopeleka mapipa ya maji machimboni Kemambo tangu dhahabu ilipowatoa watu mashambani, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Alipochungulia ndani aliona dashibodi imebaki matundu matatu. Spidomita, geji ya mafuta na geji ya joto, zote hazipo. Nyaya zilining'inia, hata wa kuwashia gari, zimefunguliwa kwa utulivu. Hakuna hata mmoja uliokatwa.

Yassini alikuwa mtu wa mdomo. Babu yake alipanda kutoka Tanga na cherehani, akaoa huku, na yeye mjukuu alirithi ufundi wa vidole na maneno ya barazani. Akamwambia Teresia kwamba mwizi huyu ana adabu kuliko mafundi wote wa mji.

Teresia hakucheka. "Alipomaliza alifunga mlango kwa ufunguo," alisema. "Tairi ya akiba kaiacha. Jeki kaiacha. Ufunguo mmoja ninao mimi, fundi. Wa pili alikuwa nao Ezra mfukoni."

Ezra, mumewe, alikuwa chini ndani ya duara, shimo la wachimba dhahabu, lilipoporomoka wakati wa masika. Wenzake wawili walitolewa, wakazikwa. Yeye hakuonekana. Pikapu ilikutwa imeegeshwa pembeni, nzima, na shemeji zake wakaivuta hadi nyumbani Utegi. Hapo uani ndipo geji zilipotoweka, watu wamelala pande zote.

Sasa wazee walikuwa wamepanga Jumamosi kuwa siku ya mazishi. Kwa Wajaluo wa Utegi, mtu ambaye mwili wake haukupatikana huzikwa kwa tunda la mwegea, wenyewe huliita yago. Ni zito, refu kama mkono. Wanalivisha shati la marehemu na kulishusha kaburini, watu wakilia kama kawaida, ili aliyepotea apate mahali pa kutulia. Teresia alikuwa amewazuia wazee tangu masika. Kama Ezra amekufa, alimweleza fundi, kumnyima kaburi ni kumwacha atangetange. Kama yu hai, yeye mkewe atakuwa amemzika mtu anayepumua. Hakujua afanye lipi. Isitoshe, Selestine, mdogo wa Ezra, alikuwa ameshatangaza kwamba baada ya mazishi pikapu ni yake, maana gari lililolala halina mwenyewe. Teresia alitaka kurudi nyumbani akiliendesha.

Geji za 404 hazikupatikana Tarime wala Musoma. Yassini akaenda Sirari, mpakani, kwa Shamsudin muuza vyuma chakavu, aliyekuwa akichanganya Kiswahili cha pande zote mbili katika sentensi moja. Shamsudin akainama chini ya meza, akatoa geji tatu zilizofungwa kwenye gazeti.

Yassini alizigeuza kuelekea mwanga. Mshale wa geji ya mafuta ulikuwa mwekundu. Yeye mishale iliyopauka huipaka rangi ya kucha ya mkewe Saida, na fundi mwingine wa namna hiyo hajawahi kumsikia. Huu alikuwa ameupaka yeye, kwa ajili ya Ezra, na pale mwishoni rangi ilikuwa imevimba kama tone la damu, kwa sababu siku ile alipiga chafya.

Akauliza nani alizileta. Shamsudin akasema ni jamaa mrefu, anavuta mguu wa kushoto, hakupatana hata bei. Alipokea alichopewa akavuka upande wa Kenya bila kugeuka nyuma.

Ezra alikuwa akivuta mguu wa kushoto.

Njia nzima ya kurudi Yassini alijiambia kwamba hawezi kumpelekea mwanamke neno la namna hiyo kwa ajili ya mguu na tone la rangi. Teresia alikuwa akimsubiri kwenye benchi. Fundi akaanza kazi. Alipoingiza mkono kwenye tundu la kati kutafuta waya, vidole viligusa kitambaa. Nyuma kabisa, mahali ambapo mtu hafiki bila kutoa geji zote, palikuwa na kifuko kimefungwa kwa waya kwenye bodi. Kilikuwa wazi na kitupu, na kwenye mshono mlikuwa na vumbi la njano linalong'aa kidogo.

Teresia akakichukua. Alikuwa amekishona yeye, kwa kipande cha kitenge chake.

Ndipo Yassini akamweleza habari za Sirari, zote, bila mzaha hata mmoja. Teresia aliendelea kupangusa kile kifuko kwa kidole gumba, polepole, kama anayemfuta mtoto uso.

"Alipita dirishani kwangu," alisema mwishowe. "Nilikuwa ndani namlilia."

Fundi akauliza awaambie nini wazee, kama atahitaji shahidi.

"Funga geji, baba. Niwahi mazishi."

Jumamosi Yassini alikwenda. Alimsalimia mama mzaa Ezra shikamoo, akakaa na wanaume. Tunda lilishushwa katika shati la buluu, na hakuna aliyelia kwa sauti kubwa kama Teresia. Pikapu ilikuwa imesimama langoni, ufunguo ukining'inia shingoni mwa Teresia, na Selestine hakuisogelea.

Jua lilikuwa bado kali watu walipoanza kula. Hapo akatokea mtu njiani, nje ya ua wa minyaa. Mrefu, kofia imeshuka usoni, uzito wote kauweka kwenye mguu wa kulia. Alisimama tu. Mama mzaa Ezra alimtazama kwa muda, kisha akageuza kigoda chake, akampa mgongo. Selestine akageuka. Mmoja mmoja uwanja mzima ukageuka, watu wakaendelea kutafuna.

Yassini, aliyelelewa kwamba mgeni hukaribishwa, aliinua mkono kumpungia. Kabla haujafika juu Teresia alikuwa mbele yake, akaiweka sahani ya ugali mkononi humo.

"Kula, fundi," alisema kwa upole.

Yassini akageuka kama wengine, akala.