Kikopo cha Nyota Moja

Edinah Nabwile alikuwa amechoka kubebwa. Tusimung'unye maneno: tangu polio imchukue miguu utotoni, watu wa Kitale na Bungoma walikuwa wamembeba kanisani, benki, harusini, matangani, hata chooni, tena kwa roho safi, na kila mmoja akingoja asante yake. Na asante nazo huchosha, jamani.

Ndiyo maana mwaka 2006 shemeji yake Bramwel, mume wa dada yake, alipompigia simu kutoka Mabanga, alisimamisha cherehani akasikiliza. Bramwel alikuwa ameingia mchezo wa wazungu wa kuficha vikopo. Unaficha kikopo, unaandika kwenye intaneti mahali kilipo, wenzako wanakitafuta kwa kifaa cha setilaiti, na anayekipata anaandika jina lake kwenye karatasi iliyomo. Njia ya kufikia hupewa nyota. Tano ni ya kupanda mwamba kwa kamba. Moja, hata kiti cha magurudumu kinafika.

"Changu nimekipa moja, shemeji. Hiki ni chako. Utafika mwenyewe, hakuna kushikwa."

Mwenyewe! Edinah alivaa gauni la Krismasi. Kupanda na kushuka gari alibebwa kama kawaida, akalimeza hilo kwa ajili ya lililokuwa mbele.

Njia ya Mabanga ilianza vizuri, kavu na ngumu, naye akasukuma magurudumu kwa mikono yake, moyo ukimdunda kwa furaha. Halafu, mtaro. Mvua ilikuwa imeuchimba, na ng'ambo yake kikopo kilining'inia kwenye nguzo ya seng'enge. Kabla hajavuta pumzi, majirani wawili wa Bramwel, Wakoli na Sifuna, walitupa majembe, mbio mbio, wakamwinua na kiti chake. Nani angewalaumu? Huko kwao, kumtazama mlemavu akihangaika ni aibu ya ukoo mzima. Edinah alifumba macho. Alikuwa na hasira, na chini ya hasira, uchovu ule ule.

"Si umefika, bana!" Bramwel alishangilia, akimpa kalamu. "Andika jina."

"Na mwenye kiti atakayekuja hapa peke yake, kwa vile umesema ni nyota moja, atavukaje?"

"Ah, shemeji! Si watu watakuwa? Hapa kwetu watu hawakosi."

Edinah alitoa karatasi kikoponi. Aliandika polepole, akakunja karatasi, akamrudishia. Bramwel aliifungua akitabasamu, akasoma.

Kulikuwa na majina mawili: Wakoli na Sifuna.