Mikono ya Nyuma ya Gari la Deo

Niliondoka Dar es Salaam kwa sababu baba yangu alinipigia simu na kuniambia, kwa sauti tulivu kabisa, kwamba gari la Deo lilitaka kumtupa mtaroni pale Kiberege.

Deo alikuwa kaka yangu. Alifariki kwa maradhi ya ini, akaacha gari dogo la spoti, la milango miwili, kuukuu. Enzi za uhai wake alilishusha kwa springi fupi mpaka likawa kama linatambaa. Lilipendeza, lakini magurudumu ya nyuma yalilala, juu yakiegemea ndani, na tairi zikawa zinalika upande mmoja. Mvua ikinyesha, mkia wa gari ulikuwa unakwenda unakotaka wenyewe. Baba alilirithi na kulitunza vilevile lilivyoachwa.

"Dawa ni kuliinua," nilimwambia kwenye simu.

"Siliinui. Mwanangu alilishusha kwa mikono yake."

Nilijua pia kwamba alitaka kwenda nalo Chita, kwenye makaburi ya ukoo, alikolala Deo. Tangu mazishi hakuwahi kukanyaga huko. Nikaona heri niende kwake Ifakara, gari litengenezwe kabla hajaondoka nalo.

Ilala, asubuhi ya safari, niliingia duka la vipuri. Fundi Maganga, anayelihudumia gari hilo kule Ifakara, alishaniambia cha kutafuta: mikono ya nyuma ya kurekebisha, yaani vile vyuma vinavyoshika gurudumu, vyenye uzi wa skrubu unaokuwezesha kuvirefusha au kuvifupisha. Gari linabaki chini, gurudumu linasimama wima. Muuzaji aliniwekea aina mbili juu ya meza. Ya kwanza ilikuwa ya aluminiamu ya buluu, nyepesi, ncha zake zina vitufe vya chuma vinavyozunguka. Ya pili ilikuwa ya chuma cheusi, nzito, ncha zake zina bushi za mpira zinazomeza mtikisiko.

"Hii ya buluu ni ya mashindano," alisema muuzaji. "Gari linakutii kama mkono wako."

Ningekuwa namnunulia Deo, nisingefikiri mara mbili. Niliishika, nikaigeuza, nikamwona kabisa akiifuta kwa kitambaa. Nikampigia Fundi Maganga.

"Zote zitaingia, mayu," alisema, akiniita kama Wasukuma wanavyomwita mama. "Ila vitufe vya chuma havimezi kishindo, na vumbi letu linavimaliza upesi. Atakayeendesha ni nani?"

Nilitaka kusema ni gari la Deo. Nikajisikia nikijibu, "Ni baba. Na mgongo wake unamsumbua."

Nikanunua nyeusi, pamoja na vyuma vyake vifupi vinavyoelekeza gurudumu, kwa sababu fundi alionya kwamba ukilisimamisha gurudumu bila kulielekeza, gari litaendelea kuyumba.

Baada ya Kidatu basi lilipita katikati ya mashamba ya miwa, kisha mpunga ukaanza, umeiva, watu wameinama wakivuna. Kiberege tulisimama kidogo. Niliutazama mtaro wa pale nikamfikiria mzee mmoja peke yake ndani ya gari linaloteleza. Nikashika vizuri mfuko uliokuwa mapajani.

Ifakara nilimkuta Baba amesimama kituoni, kofia mkononi.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda." Kisha akaupokea mfuko, akaupima uzito. "Chuma hiki."

"Chuma, na mpira ndani yake."

"Deo angetaka kitu cha kung'aa."

"Najua. Nimekununulia wewe."

Aliubeba mwenyewe mpaka nyumbani.

Kesho yake gereji, Fundi Maganga alifungua mikono ya zamani, bushi zake zimepasuka kama kisigino cha kiangazi, akafunga mipya. Kisha akavuta kamba kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma, akaweka pima maji, akawa anazungusha skrubu kidogo kidogo na kuchungulia. Baba alichuchumaa kando yake akichungulia pia. Gurudumu liliposimama wima, Baba alilipapasa juu kwa kiganja kama anayempapasa mtoto utosini.

Njia ya Chita tuliishika asubuhi iliyofuata, Baba kwenye usukani. Mkia ulitulia. Alijaribu kona moja, ya pili, akaanza kupiga mluzi. Lakini lami iliisha, na mbele kidogo, penye makorongo yaliyochimbwa na mvua, tumbo la gari lilikwaruza chini kwa sauti ya kutisha. Baba akazima injini. Akatoa kichwa dirishani, akayatazama makorongo.

"Deo hakuwahi kulileta huku," alisema mwishowe.

"Hakuwahi. Lilikuwa gari lake la mjini."

"Na mimi nyumbani kwetu ni huku." Akaushika usukani kwa mikono yote miwili. "Hivi vyuma ulivyoleta, tukiinua gari, vitafaa?"

"Ndiyo maana vinaitwa vya kurekebisha, Baba. Fundi atazungusha tena skrubu."

"Basi tukirudi, aliinue."

Kila penye makorongo nilishuka, nikatangulia kwa miguu nikimchagulia njia, yeye akinifuata taratibu. Ndivyo tulivyofika Chita, vumbi mpaka kwenye kope. Kaburini alikaa chini, akang'oa majani, akazungumza na mwanawe kwa Kipogoro. Mimi nilikaa mbali kidogo. Nilimsikia akilitaja gari.

Wakati wa kurudi alinipa ufunguo. Tulipofika lami akaanza kucheka peke yake.

"Unajua springi ya kwanza aliikata vibaya? Gari likainama kama kuku mgonjwa. Akaniapisha nisimwambie mtu."

Tangu tumzike Deo, sikuwa nimemsikia akimtaja kwa kicheko. Akaendelea na kisa kingine, na kingine, mpaka Ifakara.

Nilikwenda nikidhani natafuta njia ya kuliacha gari kama marehemu alivyoliacha. Nimejifunza kwamba kitu cha mtu tuliyempenda kinaweza kubadilishwa kikawa cha mtu tuliye naye, na marehemu asipungukiwe. Gari liliinuliwa, na siku hizi Baba huenda nalo Chita kila anapojisikia. Akirudi hunipigia simu kunieleza hali ya kaburi, kisha hunipa kisa kimoja cha Deo ambacho sikuwahi kukisikia.