Nilidhani Nakimbia

Nilikuwa nakata kitambaa cha sare za kwaya, kwenye kibanda changu cha ushonaji pale Kaloleni, simu ikalia. Nikajua ni muda wa mazoezi unatangazwa. Nilipofungua kundi la WhatsApp la timu yetu ya kikapu, nikakuta maandishi madogo tu: umeondolewa. Nikacheka. Nikamwandikia kapteni, binti niliyemfundisha mwenyewe kudaka mpira, kwamba kuna mtu kabonyeza vibaya, anirudishe. Alijibu jioni: "Dada, samahani sana. Kocha hakukuambia?"

Hakuniambia. Miaka kumi na minne kwenye timu ile, na hakuniambia.

Sikukaa kulia. Niliamini timu zitanigombea. Nilikuwa na miaka thelathini na saba, goti moja linalonisumbua wakati wa baridi, na jina. Kocha wa timu ya Elerai alinipokea kwa soda, akanisifia mno, halafu akaniomba niwe mlezi wa timu.

"Mlezi? Mimi nimekuja kucheza."

Akaanza kuichezea chupa yake.

Ngaramtoni ndiko nilikokuwa na uhakika. Kocha wa kule, mwalimu wa sekondari, zamani alinifuata mpaka nyumbani, akambembeleza mume wangu, nami nikamkatalia. Nilipofika uwanjani kwake pale shuleni, wasichana walisimamisha mazoezi wakanijia mmoja mmoja. "Shikamoo." "Marahaba." "Shikamoo." Mpaka wa nane. Nikajiona kama mkaguzi wa shule.

"Mwalimu, nimekuja," nikamwambia. "Si ndicho ulichokuwa unakitaka?"

Akanivuta pembeni, akatoa simu. "Dada, niliirekodi mechi yenu ya mwisho. Itazame kwanza."

Nikatazama. Timu yangu inapoteza mpira, wachezaji wanne wanarudi mbio kukaba. Nyuma yao mwanamke mmoja anatembea, mikono kiunoni.

"Nani huyu asiyerudi?" nikauliza, kwa hasira kabisa.

Yule mwanamke akageuka, nikaona namba mgongoni. Kumi na moja. Yangu.

Nikairudisha video. Nikairudisha tena. Siku ile nilitoka uwanjani nimelowa jasho, nikiamini nimekimbia kuliko wote. Ningeapa hata mbele ya mchungaji.

"Na watazame wenzako," akasema. "Wakipata mpira hawaangalii goli, wanakutafuta wewe. Nikikuingiza, wangu watafanya vilevile. Nikikuweka benchi, watu watanizomea, na wewe utanuna. Kocha wako aliogopa kukwambia. Wote tunaogopa."

Nilitaka kumtukana, tusi lenyewe sikulipata. Nikakaa kwenye ngazi za darasa, nikawatazama wale wasichana wakikimbia, wanakwenda na kurudi, kana kwamba hakuna lililotokea.

"Nikikaa benchi nisinune?" nikamuuliza alipopita.

"Hujawahi kukaa benchi, dada."

"Nijaribu."

Alinipa mwezi mmoja. Nilizunguka uwanja na wasichana ambao ningeweza kuwazaa, nikatapika mara mbili nyuma ya choo cha shule. Kwenye mechi yetu ya kwanza nilikaa robo tatu nzima nikigawa maji. Mashabiki walipiga kelele kweli, wakiita namba yangu. Mwalimu akanitupia jicho la wizi. Mimi nikatazama mbele, kucha nimezizamisha kwenye mapaja.

Robo ya mwisho akaniingiza kwa dakika nne. Kila tulipopoteza mpira nilirudi kukaba, kifua kinawaka moto. Sikufunga hata pointi moja, na tulifungwa.

Nyumbani mume wangu aliniuliza swali lake la miaka yote: "Umefunga ngapi leo?"

"Hakuna," nikasema, na mwenyewe nikashangaa jinsi neno lilivyotoka bila kukwama.

Akaweka kikombe chini, akaja kunishika paji la uso aone kama nina homa.